Neno la Kwanza la Khatibu

Shangani, katika kichochoro ninachopita kila asubuhi kwenda kazini, kuna duka linalowauzia wageni sabuni za mwani. Mlango wake ukifunguliwa hutoka harufu ya karafuu na mchaichai, na chini ya harufu hizo mna ile ya mwani wenyewe, chumvi na tope la pwani na kitu kibichi kilichoachwa juani. Wageni huzinusa zile sabuni wakafumba macho kwa raha. Mimi hunusa nikaona haya, nikaharakisha mwendo. Mtanisamehe nyinyi mnaonisoma, najua mbele ya duka la sabuni si mahali pa mtu mzima kuona haya. Lakini harufu ile hunirudisha Makunduchi, kwenye ua wa bibi yangu mzaa mama, siku ambayo ndugu yangu Khatibu alisema neno lake la kwanza, nami nikalibadilisha kabla halijafika mjini.

Sisi tulikuwa tukikaa Michenzani, katika yale majumba marefu, ghorofa ya juu kabisa ambako maji ya bomba hupanda siku yakipenda. Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama yake Baba, aliyezaliwa na kukulia Mji Mkongwe na ambaye mpaka anazeeka alisema "nnakwenda mjini" akiwa anavuka barabara tu kuingia Darajani. Baba alikuwa karani bandarini, mtu mpole, mpenda amani, na amani hiyo aliipata kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Kichwa cha nyumba kilikuwa Bibi, na kazi yake kubwa ilikuwa ni kusema. Watu wakitaka kuposa mahali pagumu walimfuata yeye kwanza. Alivaa buibui lake, akaenda, akaketi, akayapanga maneno moja baada ya jingine mpaka baba wa msichana akajikuta ameshakubali kabla kahawa haijapoa. Alikuwa akisema kwamba mtu hujulikana kwa usafi wa vitu viwili, nguo na ulimi, na nguo afadhali ina sabuni.

Mama yetu, Mize, alitoka Makunduchi. Bibi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumposa, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu, na hilo alilisema mara kwa mara. Alimsifu Mama kwa mapishi, akamsifu kwa ufuaji na kwa adabu. Kilichomkera ni lugha tu. Watu wa Makunduchi wana lugha yao, Kikae, ambayo ni Kiswahili cha zamani cha kusini ya Unguja, na mtu wa mjini akiisikia huishika nusu, nusu nyingine ikampita. Mama alipoletwa bibi harusi alisema kama walivyosema kwao. Pale ambapo sisi tunasema "katoka", yeye alisema "kalawa". Bibi alimsahihisha kwa upole, mbele ya watu, kila mara. Na nilipozaliwa mimi alimwambia maneno ambayo Mama alinisimulia miaka mingi baadaye bila ya uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka fulani: "Mwanangu, nnakuomba, mtoto usimsemeshe lugha ya shamba. Ya mjini ikikushinda, nyamaza, tutamsemesha sisi."

Basi mimi nilisemeshwa na Bibi. Nilianza kusema kabla sijatembea sawasawa, na wanaonijua watakwambieni kuwa sijanyamaza tangu hapo. Bibi alijivunia mimi kama mtu anavyojivunia kanga ya doti mpya. Baada ya sala ya alasiri mashoga zake walipanda ngazi wakihema, wakakaa kwenye busati, wakanywa kahawa kwa kashata, na mimi nikawa tumbuizo lao. Nilisoma sura fupi, nikatoa vitendawili, halafu ukafika wakati nilioungojea.

"Nasra," Bibi aliniita.

"Labeka, Bibi."

"Hebu tuigizie siku ile kuku alipopotea."

Tulikuwa na kuku mmoja roshani, na siku moja aliwahi kuchomoka mlangoni akateremka ngazi za watu. Nilijifunga kanga ya Mama kifuani, nikainama, nikakimbia kwenye busati huku mikono nimeitanua, nikapiga kelele kwa sauti ya Mama na lafudhi ya Mama, "Kuku kalawa! Kuku kalawa!" Wale wanawake walicheka mpaka wakaziba midomo kwa mitandio. Bi Salma, aliyekuwa mnene na mwepesi wa kutoa, alinipa kipande chake cha kashata. Baina ya ukumbi na jiko palikuwa na pazia tu. Nilipokuwa nikicheza hivyo, sufuria za jikoni zilinyamaza. Nilikuwa mtoto wa kuanza skuli, lakini nilijua kwa nini zilinyamaza. Niliendelea kutafuna kashata.

Ndugu yangu alipozaliwa Bibi alimpa jina la Khatibu, kwa kutaraji kuwa atarithi ulimi wake. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye macho makubwa, mtulivu kupita kiasi. Mama alimwogesha kwenye beseni pale roshani, na ninakumbuka sauti ya maji, na sauti ya kiganja cha Mama kikimsugua mgongo, na hakuna sauti nyingine. Mara mojamoja aliimba kwa pua bila ya maneno. Nikipita yeye hunyamaza, kama mtu aliyekutwa anaonja mchuzi wa watu. Siku zile sikuona ajabu. Niliona kuwa Mama ni mtu asiyependa kusema, kama wengine wasivyopenda pilipili.

Wenzake walipoanza kusema "baba" na "mama", Khatibu alikuwa ananyoosha kidole tu. Walipoanza kuunga maneno, yeye alikuwa akinivuta mkono, akinionyesha mtungi, na mimi nikitangaza kwa nyumba nzima, "Khatibu anataka maji!" Nilikuwa na raha ya ajabu. Mtoto ninaye, na sauti yake ni yangu. Lakini alipokaribia umri wa kupelekwa chuoni akasome Kurani, watu wakaanza kunong'ona. Katika ngazi walimuuliza Mama kama mtoto anasikia. Walimtania jina, wakisema huyu khatibu minbari kapanda, hotuba ndo hatuisikii. Wengine walisema Mama alikula kitu kibaya akiwa mjamzito. Wengine walisema Mama mwenyewe bubu, mtoto atasema kutoka wapi? Mama aliyasikia yote akayameza.

Bibi hakukaa bure, na nisije nikamdhulumu, alimpenda mjukuu wake kwa roho yake yote. Alileta kombe, sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa marashi, na Khatibu akayanywa yale maji ya manjano akikunja uso. Kisha akafuatana na Mama kwenda kliniki, nami nikajipachika. Muuguzi alimpima mtoto masikio, akamchezesha kwa njuga nyuma ya kichwa, akasema anasikia vizuri.

"Nyumbani nani anayemsemesha zaidi?" aliuliza.

"Mimi," nilisema.

"Nnamuuliza mama yake."

Mama alitazama mkono wake. "Mimi si msemaji," alisema.

Yule muuguzi alivuta kiti karibu. Alimwambia kwamba watoto wanachelewa kwa sababu nyingi, nyingine hazijulikani, asijilaumu. Lakini amsemeshe. Akimwogesha amwambie namwogesha mgongo, namwogesha miguu. Akimenya muhogo amwambie huu muhogo, tunaumenya. Kisha amtazame, ampe nafasi, hata kama jibu litakuwa ni jicho tu au kidole. Asilazimishwe kutamka, wala asisemwe mbele ya watu. "Msemeshe kwa lugha iliyo nyepesi kinywani mwako," alimalizia, na Bibi akakohoa.

Njiani kurudi Bibi alisema wauguzi wa siku hizi ni watoto wadogo. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na kuanzia siku ile akafungua darasa. Khatibu aliwekwa kwenye kigoda katikati ya ukumbi. Mimi nilikuwa msaidizi, nimeshika gilasi ya sharubati ya ukwaju, baridi, inatoa jasho. "Sema ma-ji," Bibi alisema, nami nikarudia kwa nguvu, "MA-JI!" Khatibu aliitazama gilasi, akautazama mdomo wangu, akaitazama gilasi tena. Aliweka mkono wake mdogo juu ya goti langu. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba, na mimi niliijua kuliko mtu yeyote.

"Hajasema," alisema Bibi. "Kunywa wewe."

Nikanywa. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka, kwamba sikuwahi kunywa sharubati tamu kama ile. Khatibu hakulia. Aliteremka kwenye kigoda akaenda jikoni akajifunika upindo wa kanga ya Mama.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilimsikia Mama akimwambia Baba neno lisiloanza na "kama utaona vyema". Alisema, "Nnampeleka mtoto kwetu." Baba alimtazama Bibi. Bibi, ambaye siku zile mguu ulikuwa umeanza kumsumbua na alikuwa amechoka na darasa, alisema ampeleke, hewa ya bahari itamfungua kifua. Hakuwaza kwamba kule kuna watu wanasema.

Bi Mwatima, mama yake Mama, alikuwa mkulima wa mwani. Alikuwa mwembamba, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo, na kuanzia alfajiri mpaka isha haikumalizika. Nilipokwenda huko likizo ya skuli, miezi kadhaa baada ya Mama kumwacha Khatibu kwake na kurudi mjini, nilidhani amerukwa na akili. Alisema na kamba. Alisema na mbuzi. Alikaa uani na kina mama wenzake, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba tayari kupelekwa pwani maji yakitoka, na Khatibu ameketi katikati ya miguu yake, na yeye anasimulia kila kitu mikono yake inachofanya: huu mwani, huu mzuri, huu umeoza tunautupa, tufunge huu? Akanyamaza. Akamtazama. Khatibu akachagua kimoja akampa. Ahaa, tufunge huu, kweli mwanangu, umeona mbali. Yote kwa Kikae, nami nikiyafasiri kichwani kwa shida. Aliuliza maswali mchana kutwa na hakukasirika asipojibiwa, alijijibu mwenyewe akaendelea. Hakuna aliyemwambia Khatibu "sema". Nilipotaka kuonyesha ujuzi wangu nikamwambia, "Khatibu, sema mwa-ni," Bi Mwatima aliniwekea kamba mapajani.

"Funga," aliniambia kwa Kiswahili cha mjini ili nisikose kuelewa. "Mdomo wako utapata kazi baadaye."

Mama alikuja kumtazama mwanawe siku mbili, akanikuta na mimi pale. Aibu yangu ni hii pia, kwamba sikumtambua. Alikaa na wenzake waliokua pamoja, akafunga mwani kwa kasi isiyofuatika kwa macho, na akasema. Alisema, akacheka, akamkatiza mtu maneno. Alimpakata Khatibu akamsimulia hadithi ndefu ambayo sikuishika, na kila mtu uani akaangua kicheko kabla yangu. Nilikaa pembeni nikaona wivu. Nilimwona kama mwanamke mwingine aliyeazima uso wa mama yangu.

Siku ya kuondoka alifanya kama wanavyofanya mama zetu wote. Hakuaga. Khatibu alivutwa akili kwa kamba na vipande vya mwani, na Mama akachukua mkoba wake akapenya kwa mlango wa nyuma, ili mtoto asilie. Bi Mwatima alikuwa ameingia ndani kutafuta maji. Tulibaki mimi na Khatibu uani, na ule uvundo wa mwani uliotandazwa kwenye makuti. Khatibu alinyanyua kichwa. Alitazama pale Mama alipokuwa ameketi, patupu, pana alama ya kigoda mchangani. Akatazama mlango. Kisha akanitazama mimi, akasema, wazi, bila ya haraka, kwa sauti nzito kidogo ambayo sikuwahi kuijua:

"Mama kalawa."

Nilimbeba, nikamzungusha, nikapiga kelele mpaka Bi Mwatima akatoka. Yeye aliposikia alisema tu, "Kalawa, mwanangu, atakuja," akamjibu kama mtu aliyezoea kujibizana naye kila siku, akenda zake pembeni akajifuta macho. Mimi nilikimbilia kwa jirani aliyekuwa na simu, nikampigia Bibi.

"Bibi! Khatibu kasema!"

"Subhanallah. Kasema nini?"

Hapo ndipo. Ninalisikia mpaka leo vumi la upepo kwenye simu. Niliona ukumbi wetu, busati, wale wanawake na mitandio yao mdomoni. Niliona neno lile likianguka katikati yao, neno langu la kuchekeshea, la kuku, na sasa limo kinywani mwa ndugu yangu. Nilimwonea haya. Au nilijionea haya mimi. Nikasema, "Kasema, 'Mama katoka.'"

Bibi alipiga kigelegele kwenye simu mpaka sikio langu likauma. Asubuhi ya pili Mama, akiwa ameshafika mjini, alipiga mwenyewe. "Kasema nini mwanangu?" aliuliza. Nikamwambia, Mama katoka. Akaniuliza tena, "Kasema hivyo hivyo?" Nikasema hivyo hivyo. "Alhamdulillahi," alisema Mama, na akaniuliza kama nina nguo safi.

Khatibu aliporudishwa Michenzani, Bibi alikuwa ameshawatangazia watu wote kuwa mjukuu wake amefunguka ulimi, na kwa Kiswahili safi. Aliita mashoga zake kwenye kisomo cha shukrani. Paliwashwa udi, pakaletwa mkate wa kumimina na halua. Bi Salma alimpakata Khatibu, na Khatibu, aliyezoea sasa kukaa katikati ya wanawake wanaosema, hakuogopa. Mama aliinuka kwenda jikoni kuleta birika. Pazia likafunga nyuma yake.

"Mama kalawa," Khatibu alimwambia Bi Salma, kama mtu anayetoa habari kwa mgeni.

Walicheka. Sikwambieni kuwa walicheka kwa ubaya, walicheka kwa mazoea, na walikuwa na mazoea hayo kwa sababu mimi niliwafundisha. Mmoja alisema, "Huyu kamrithi yule kuku." Khatibu alitazama nyuso zote, moja moja, akitafuta kilichochekesha. Kisha akakiinamisha kichwa, na nikauona mdomo wake ukifunga. Bibi hakucheka. Uso ulikuwa umemshuka.

"Nasra," alisema, "si uliniambia kasema 'katoka'?"

Wote waligeuka. Ningeweza kusema kweli. Ilikuwa ni kweli ndogo, isingemuua mtu. Lakini nilikuwa binti wa ulimi safi, niliyelelewa kwa kashata, na sikuweza kuonekana mwongo mbele ya watu wale. Nikasema, "Kule alisema 'katoka', Bibi. Ni Mama. Anamsemesha Kikae kwa siri, chumbani, tokea arudi."

Ulikuwa uzushi mtupu. Mama tangu arudi na mtoto alikuwa amerudi pia kwenye ukimya wake. Na wakati namaliza kusema niliona pazia limesogea, na Mama amesimama na birika mkononi.

Alinitazama mimi. Si kwa hasira, na ingekuwa kwa hasira ningeshasahau. Kisha akaweka birika chini kwenye trei, polepole, lisimwagike.

"Kweli, Mama," alimwambia Bibi. "Ni mimi. Ni maneno yangu, na mtoto ni wangu."

Akachuchumaa mbele ya Khatibu, akamnyanyua kidevu, akamjibu. Alimjibu kwa Kikae, mbele ya busati zima, maneno marefu ya taratibu ambayo sithubutu kuyaandika hapa kwa sababu mpaka leo nitayakosea. Kisha akanyamaza akamtazama. Bi Salma aliiweka halua yake chini. Khatibu alichelewa, akalamba midomo, akamjibu.

Bibi hakulizungumza tena jambo lile. Hakukubali, lakini hakukataza, na mwaka wa pili nilimfuma peke yake roshani akimwambia Khatibu kwamba kuku kalawa, kisha akageuka kuona kama kuna anayesikia. Mama tangu siku ile alimsemesha mwanawe lugha yake, akimwogesha, akimenya muhogo, akipanda naye ngazi. Kiswahili cha mjini Khatibu alikiokota mwenyewe kwa watoto wenzake, na akakisema kama sisi. Nyumba ikajaa sauti. Ila mimi, nikiingia, Mama hugeuza. Kwangu aliendelea na Kimjini, safi, mpaka lafudhi yenyewe ikaisha. Sikuomba vyenginevyo. Nilidhani ni heshima.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na Mama ndiye mwenye nyumba ile ya Michenzani. Mwezi uliopita nilimpelekea binti yangu Rahma, ambaye maneno yanamjia kwa kuchelewa chelewa, na kliniki wameniuliza kama kwetu kuna aliyechelewa. Mama alimpakata akacheka. "Mjomba wako ndiye," alimwambia. "Kakaa kimya mpaka watu wakamchoka, halafu siku moja kasema, 'Mama katoka.'" Hivyo ndivyo alivyokuwa akiisimulia miaka yote, na miaka yote mimi nilikuwa nikitazama pembeni. Safari hii nilikuwa na mtoto asiyesema mbele yangu, na sikuweza.

"Mama, hakusema hivyo," nilisema. "Alisema 'kalawa'. Mimi niligeuza."

Mama aliendelea kumkuna Rahma kisogo.

"Nnajua," alisema. "Sikuwa nshafika barabarani. Nilisimama nyuma ya ua, nasikiliza kama atalia."

Nilizihesabu zile simu, lile swali lake, kasema hivyo hivyo, na siku ya kisomo, na birika. Alikuwa akijua kabla hata sijafungua mdomo. Alisimama mbele ya watu wale akachukua uongo wangu akaufanya wake, ili nisifedheheke.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, Nasra? Kwamba mwanangu kanionea haya?" Alisema kwa upole, kama anauliza bei ya samaki. "Nilingoja uniambie. Halafu nikaona, wewe ulikuwa mtoto. Mtoto husema anayoyasikia."

Nilitaka kumwomba msamaha, na nilikuwa ndio kwanza natafuta maneno, mimi niliyejaaliwa maneno, simu yake ikalia. Alikuwa Khatibu, ana kibanda cha vifaa vya simu sokoni Mwanakwerekwe na humpigia kila alasiri. Mama alimwitikia kwa Kikae, na sauti yake ikashuka kifuani, ikapata uzito, ikawa ya yule mwanamke niliyemwona Makunduchi nikamwonea wivu. Walisemezana. Alicheka, akamkatiza, akanitazama, akasema jambo refu ambalo ndani yake nilisikia jina langu. Rahma alikuwa amekaza macho kwenye mdomo wake. Mimi nilikaa pale kwenye kigoda, nikingojea amalize anifasirie.